Kiti Kisichosogea

Malindi, Unguja
12 Oktoba 1969

Ndugu yangu Duni,

Salamu ulizompa yule bwana wa melini zimenifika, na mtaa mzima zimeufikia, maana alizitoa tokea chini barabarani. Sote wazima. Mama anakuombea dua, na Tabia mke wangu anamsalimu sana Wanu mkeo.

Tuje kwenye gari. Umesema nitafute dogo, rahisi na jepesi, tulinunue nusu kwa nusu, nilitengeneze hapa kwenye ghala la chini ya nyumba, kisha livuke lije Dar kwenye hiyo klabu yenu inayozungusha magari siku za Jumapili kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Nimependa uliposema kwamba watu hawashindani kwa kusukumana. Kila mtu anazunguka mapipa kwa saa yake, na mwenye kupata aibu anaipata peke yake.

Nimetazama matatu. La kwanza ni Volkswagen ya Mwembetanga. Injini yake inaimba, lakini nilipoinua zulia niliona barabara. La pili ndilo ulilonitajia, ile Mini ya Shangani. Nzuri, sikatai, hata mimi roho iliruka. Lakini imelala miaka mitatu ukingoni mwa bahari, chumvi imeshakula milango kwa chini, na mwenyewe akiulizwa bei anatazama juu kama mwenye kuoza binti. La tatu liko Kizimbani, kwenye shamba la serikali. Ni Austin A40 ya bwana shamba mmoja aliyestaafu, ile yenye mlango nyuma: kioo kinapanda juu, bati linashuka chini. Alikuwa akibebea miche ya mikarafuu. Injini imechoka. Tairi zimekwisha. Lakini bati, Duni, bati ni kavu kama siku lilipotoka kiwandani, kwa sababu halikupata kuonja bahari.

Nimechagua hilo. Najua utanuna. Injini iliyochoka huinuka, bali bati lililooza haliinuki, utaziba huku litatoboka kule. Na ukifungua mlango harufu ya karafuu inakupokea mpaka macho yanalowa. Tabia anasema tutakuwa na gari pekee Afrika Mashariki linaloweza kutiwa kwenye pilau.

Nangojea jibu lako.

Nduguyo,
Masoud

*

Dar es Salaam
27 Oktoba 1969

Masoud,

Nimenuna. Mini nimeshawasimulia wote hapa klabu, leo niwaambie naleta gari la miche? Kuna Mgoa mmoja ana Mini nyekundu, Jumapili iliyopita alimshinda kila mtu kwa saa, akashuka akafuta miwani yake taratibu kama aliyetoka kanisani. Huyo ndiye ninayemtaka mimi.

Lakini wewe ndiye fundi, na duka hili la vipuri ninalofanya kazi limenifunza kwamba mtu habishani na fundi, hubishana na mkewe. Nimekubali. Nimepata breki za diski za mbele, zimetoka kwenye gari dogo la michezo lililopinduka njia ya Bagamoyo. Fundi wetu anasema zitaikubali Austin bila ya matata. Natafuta na kabureta ya pili. Wewe anza kulipunguza uzito. Toa kila kisichokwenda: kiti cha nyuma, mazulia, bampa. Ikibidi toa na mlango wa nyuma.

Jina langu nimeshaliandikisha kuwa dereva.

Wako,
Duni

*

Malindi, Unguja
20 Desemba 1969

Ndugu yangu Duni,

Idd njema, ingawa imeshapita. Gari liko chini ya nyumba yangu, nalisikia likinukia hata nikiwa kitandani.

Tumelileta kwa kamba. Mimi nilikuwa mbele na pikapu ya kazini, Tabia nyuma ameshika usukani wa Austin. Unajua kazi ya kuvutwa: ukilala na breki unaikata kamba, ukizembea unamgonga aliyekuvuta. Nilikuwa nikimfunza kuendesha siku za Ijumaa kule kule Kizimbani, leseni anayo, lakini kuvutwa hakupata. Basi kutoka mikarafuuni mpaka Malindi, mabonde yote yale na ng'ombe njiani, kamba haikulegea hata mara moja. Nikitazama kioo naona meno tu. Nimeifikiria sana safari ile.

Nimeshatoa kiti cha nyuma na mazulia. Nimetoa pia kipasha joto. Ndiyo, lilikuwa na kipasha joto, Unguja hii! Nadhani bwana shamba alikuwa akikausha karafuu. Mlango wa nyuma sitoi. Mlango ndio unaoshika kiuno cha gari, ukiutoa litajipinda kwenye kona.

Kabureta usihangaike nayo kwanza. Breki ndizo kwanza, zilete. Gari lisilojua kusimama halina haki ya kukimbia. Ukijua utasimama wapi, ndipo unapothubutu kwenda.

Kiti cha dereva nimeshakifunga kwa bolti nne mpaka kwenye chuma cha chini. Hakisogei mbele wala nyuma, na usije ukasema hukuambiwa. Tena nina jambo la kukwambia juu ya dereva. Si la barua. Ukija tutakaa barazani tulizungumze, na utanicheka, lakini nakuomba ukubali.

Nduguyo,
Masoud

*

Dar es Salaam
30 Desemba 1969

Masoud,

Jambo lisilokuwa la barua nimeshalifahamu. Unataka kuendesha wewe.

Aliyeitafuta klabu ni mimi. Aliyekwenda kuomba, akachekwa kwa ajili ya gari la miche, ni mimi. Leo gari limeanza kupendeza, kiti kinafungwa kwa bolti nne kwa kipimo chako, na mimi niitwe barazani nibembelezwe kwa kahawa. Ungesema tokea mwanzo.

Breki nitazileta. Neno ni neno. Lakini usinitie maneno ya baraza.

Duni

*

Malindi, Unguja
20 Januari 1970

Shemeji Duni,

Simu ya msiba najua ulipata, na najua ulikosa meli. Hukukosa kwa kupenda, usijile moyo.

Naandika kwa sababu nataka uisikie kwangu, si kwa watu. Homa ilimshika Masoud Jumatatu usiku. Jumanne alishuka ghalani, akasema, "Kidogo tu," akarudi kulala. Alkhamisi ya tarehe nane alasiri walimzika. Mama yenu, Bi Mwatum, hakupiga kelele hata moja. Mimi nilipiga. Bado nazisikia.

Barua yako ya tarehe thelathini ilifika watu wamo matangani. Niliifungua mimi. Nimeisoma, na jibu la hilo la dereva sina, kwa sababu hata mimi hakuniambia. Kila nikimuuliza mbona umekifunga kiti kama mfungwa, alikuwa akicheka.

Sasa niko ndani, nakaa eda. Nguo ni hizi hizi, hina hakuna, udi hakuna, nje sitoki. Gari liko chini, magurudumu yamo hewani juu ya magogo. Nikishuka kuchota maji nalipita. Nalishika boneti, napita.

Nusu yake ni yako. Nakuomba kitu kimoja tu: usiamue upesi.

Shemejio,
Tabia

*

Dar es Salaam
3 Februari 1970

Shemeji Tabia,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Barua ile ningeweza ningerudi nyuma nikaimeza pamoja na bahasha yake. Nimeacha kula na watu.

Nakwambia wazi nilivyoona. Gari limefunguliwa, fundi hayuko, na mimi siwezi kuja kulifunga. Bwana Simai, yule wa Tumbatu anayechuuza papa mkavu, ameniletea maneno: analitaka kama lilivyo. Anasema mlango ule wa nyuma kama umechongwa kwa ajili ya papa. Yeye atamtafuta fundi wake, na mama na wewe mtapata haki yenu. Naona ndiyo njia nyepesi. Nijibu.

Duni

*

Malindi, Unguja
20 Februari 1970

Shemeji Duni,

Papa? Mtu alitolee jasho lake la mwisho, kisha litiwe papa?

Nisikilize. Gari halikufunguliwa lote. Injini keshaifunga, nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kitabu cha Kiingereza ukurasa kwa ukurasa naye akifunga. Kilichobaki ni breki na nyaya na vitu vidogo. Breki ziko kwako. Zilete, mimi nitazifunga. Eda imenikataza kutoka. Haikunikataza spana.

Wala usidhani nimejisemea. Mama aliponiona na grisi mpaka kwenye viwiko alishtuka, akavaa buibui lake akenda mwenyewe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza kama mwenye eda anapakaa grisi. Mwalimu akamuuliza inanukia? Akamwambia inanuka. Akasema basi, si manukato, mwache afanye kazi, kazi inaliwaza. Lakini Mama amerudi na sharti moja: ndani ya gari nisikae mpaka eda yangu iishe, kwa sababu ya ile karafuu. Fanya kazi milango wazi, anasema, lakini kukaa ndani ukafungiwa na harufu nzuri, hapana. Nimemuahidi. Sikuona tabu kuahidi, maana kiti kile ni cha Masoud, na mimi sina moyo wa kukikalia.

Kwa vitu vizito yupo kaka yangu Abdulla. Yeye ni seremala, kila kisichoingia anataka kukipiga randa. Nimemwekea mipaka.

Nikishindwa kulimaliza, mpe Simai na sitasema neno. Nikilimaliza, nataka lizunguke mapipa hata siku moja kama alivyokusudia mwenyewe. Siku moja tu, Duni. Baada ya hapo nusu yako ni yako.

Tabia

*

Dar es Salaam
4 Machi 1970

Shemeji Tabia,

Umenishinda. Breki nimempa karani wa meli, zimo kwenye gunia la vitunguu. Vitunguu ni vya Mama. Klabu wana siku kubwa Jumapili ya tarehe 24 Mei. Gari likiwa tayari nitalizungusha mimi, kwa ajili ya Masoud. Lisipokuwa tayari, nimempa Simai neno. Usinione mgumu. Kuliangalia gari lile kuoza ni kumzika mara ya pili.

Fanya polepole. Mafuta ya breki nimetia chupa mbili. Usitie kitu kingine.

Duni

*

Malindi, Unguja
26 Machi 1970

Shemeji,

Nimetia kitu kingine.

Raba zile ndogo za ndani ya breki zilikuwa kavu, zinakataa kuingia. Nikawaza kipi hapa kwetu hakilainishwi kwa mafuta ya nazi? Nywele, bawaba, mgongo wa Mama, cherehani, mtoto mchanga. Nikazipaka. Ziliingia vizuri mno, nikajisifu, nikaenda kusali. Siku ya pili gurudumu haligeuki. Raba zimevimba kama maandazi. Abdulla alikuja na randa yake, nikamfukuza.

Nililia, Shemeji, nakwambia kweli. Si kwa raba. Nilikaa kwenye ngazi nikamkasirikia Masoud, kwamba angekuwepo angecheka, kisha angenionesha. Hilo la kunionesha ndilo ninalolikosa mchana kutwa.

Niletee raba nyingine.

Tabia

*

Dar es Salaam
6 Aprili 1970

Shemeji,

Mafuta ya nazi! Niliisoma barua dukani kwa sauti, fundi wetu akakaa chini. Wanu anasema mwaka wa kwanza wa ndoa na mimi nilitia mafuta ya nazi kwenye saa ya ukutani, kwa hiyo nisicheke sana.

Raba hizi hapa, za akiba zimo pia. Zioshe kwa mafuta ya breki yenyewe, basi. Na usilie peke yako kwenye ngazi. Mwite Mama.

Duni

*

Malindi, Unguja
29 Aprili 1970

Shemeji Duni,

Breki zinashika. Ngoja nikuhadithie.

Wewe unajua kazi ya kutoa upepo kwenye breki inataka watu wawili. Mmoja chini anafungua na kufunga, mwengine juu anakanyaga na kuachia. Abdulla alikuwa kazini Bububu, mimi nimeshaahidi kwamba sikai ndani. Nikawa nazunguka gari na kikopo mkononi. Mama alikuwa akinitazama kutoka ngazini, akasema, "Inatakiwa mtu wa kukanyaga tu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi mimi si nna miguu?"

Akakunja kanga, akaingia. Akakaa kwenye kiti kile mgongo umenyooka, akanyoosha mguu, ukafika sawasawa kwenye pedali, hata hakutafuta. Kama aliyewahi kukaa. Mimi nikalala chini.

"Kanyaga, Mama!"

"Nshakanyaga!"

"Achia!"

"Nshaachia, mwanangu, na wewe usinifokee!"

Magurudumu yote manne, mpaka adhuhuri. Mara ya mwisho pedali ikawa ngumu, akasema, "Hii sasa imekataa." Nikamwambia ndiyo tunavyotaka. Nilipotoka chini nikamkuta ameegemea usukani, anafuta macho kwa ncha ya kanga, na anatabasamu. Sikumuuliza. Mama kakaa mahali pa mwanawe, wa kumuuliza nani?

Bado nyaya za taa na kupaka rangi mlango wa nyuma. Litakuwa tayari.

Tabia

*

Dar es Salaam
8 Mei 1970

Shemeji,

Kwa kweli sikuamini.

Mipango ni hii. Meli inaondoka huko Jumanne ya tarehe 19. Nimetazama kalenda hapa ofisini, eda yako inakwisha tarehe 18 usiku, na mizigo inapakiwa mchana wa siku hiyo, kwa hiyo gari litakuwa limeshapakiwa wewe ukiwa bado ndani. Abdulla alisukume mpaka bandarini, mimi nitalipokea huku.

Moja tu. Kile kiti. Mwambie Abdulla akifungue akirudishe nyuma kabisa. Masoud alikuwa mrefu, lakini mimi ni mrefu kuliko yeye. Sitaki kuzunguka mapipa magoti yakiwa masikioni.

Duni

*

Malindi, Unguja
17 Mei 1970

Shemeji Duni,

Dar imekusahaulisha mwezi. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya ofisi, inahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni. Nimetoka leo.

Wanawake walikuja asubuhi wakaniosha, wakanivisha, udi ukafukizwa mpaka nikapiga chafya. Walipokwisha kunywa chai, nikadhani sasa watanipeleka nikaamkie jamaa kama ada ilivyo. Mama akawaambia wote ngojeni. Akanishika mkono akanishusha ghalani. Akasema, "Leo ingia."

Nikamwambia Mama, kiti kile ni cha Masoud.

"Ingia, nnakwambia."

Nikaingia. Duni, sikiliza. Mguu wa kushoto ukakaa kwenye klachi bila ya kuvutwa. Wa kulia ukakaa kwenye breki. Mikono ilipofika kwenye usukani, viwiko vimekunjika kidogo tu, vile alivyokuwa akinifunza Kizimbani. Mgongo uliguswa pale pale unaponiuma. Masoud, magoti yake yangegonga usukani! Angekaaje pale? Wewe utakaaje? Kiti kile hakumfungia mtu mrefu yeyote.

Nilibaki humo sijui muda gani. Nilikuwa nikisema peke yangu, "Mshenzi we, mshenzi we, ungeniambia." Karafuu inanukia, na hakuna wa kunikataza tena.

Kisha nikawasha. Abdulla alikaa upande wa pili ameshikilia mlango kama unaotaka kutoroka. Nikaenda Kizimbani. Kupanda lilisita kidogo, ile kabureta moja. Kuteremka, kwenye zile kona za mikarafuuni, nilikanyaga breki mahali ambapo zamani ningekuwa nimeshaogopa kitambo, gari likainama, likasimama nilipotaka lisimame. Nikarudia. Nikarudia tena. Abdulla akaomba ashuke atembee.

Lile jambo lake la dereva ambalo si la barua, ndilo hilo. Hakutaka kiti chako akikalie yeye. Alitaka kukuomba unipe mimi.

Kiti sikirudishi nyuma. Nusu ya gari ni yako na jina lililoandikwa klabu ni lako, kwa hiyo neno ni lako vile vile. Ukisema hapana, Abdulla atakifungua kwa mkono wake, mimi sitakigusa. Barua hii inatangulia na ndege ya kesho. Sisi tunafuata na meli, mimi na Abdulla na gari, kwani niliporudi Mama alinitolea vibali viwili vya kuvukia, keshamwagiza Abdulla zamani, sijui aliwaza nini.

Shemejio,
Tabia

*

Dar es Salaam
26 Mei 1970

Shikamoo Mama Mwatum,

Tabia na Abdulla wamo humu nyumbani kwangu, wazima, Wanu hataki kuwaachia. Nimeomba nikuandikie mimi, kwa sababu kuna mambo Tabia hatakwambia.

Nilipoipata barua yake nilikaa nayo siku nzima. Sikumwamini. Wala simfichi mtu, nilikuwa nikilitaka gari lile mimi, nimelitaka tokea Oktoba. Jumatano lilipoteremshwa bandarini nikaingia mwenyewe nipime. Mama, sikuweza hata kufunga mlango. Goti moja lilikuwa kwenye usukani na jengine halina pa kwenda, na Abdulla kasimama pale anacheka kwa miezi yote aliyochekwa yeye. Nikatoka. Nikaegemea lile gari, ndipo nilipolia kilio cha Januari. Miezi yote ile nilidhani ndugu yangu amekufa akininyang'anya kitu, na kumbe alikuwa akitafuta namna ya kuniomba.

Klabu nikafuta jina langu nikaandika lake. Walicheka. Gari la miche, na mwanamke, na ushungi!

Hakuwa wa kwanza. Sitakudanganya. Kwenye njia iliyonyooka yule Mgoa na Mini yake alimwacha kwa saa kama kasimama. Lakini kwenye mapipa, Mama, wote walikuwa wakikanyaga breki mapema, gari likiyumba, na yeye anaingia, anaingia, mpaka mimi nafumba macho, kisha gari linasimama, linageuka, linatoka. Mzunguko wa mwisho Mgoa alivua miwani asiifute. Alikuja baadaye akauliza breki zile kafunga nani. Tabia akajibu, "Mimi na mama mkwe wangu." Yule bwana akadhani ni mzaha.

Jioni niliomba anizungushe mara moja. Nikakaa upande wa pili, magoti nimeyakunja. Nilinusa karafuu nikaona Masoud kafanya vyema kunificha, maana Desemba ningemkatalia.

Nusu yangu haiuzwi, na wala si nusu tena. Ni ya mwenye kukifikia kiti.

Mwanao,
Duni

*

Malindi, Unguja
5 Juni 1970

Mwanangu Duni,

Marahaba. Anayeandika ni jirani yangu Bi Khamisa, anayesema ni mimi, Mwatum. Barua yako tumeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimwambia asome pale pa mapipa tu.

Sasa na mimi niseme langu, kisha nipumue.

Siku ya pili ya Idd, Masoud alikuja jikoni akaniondoa kwenye unga. Akanishusha ghalani akaniketisha kwenye kiti kile, mikono yangu myeupe vile vile. "Mama, nyoosha mguu." Nikanyoosha. "Unafika?" Sifiki. Akasogeza kidogo. "Na sasa?" Akawa hivyo mpaka alasiri, huku kaushika mguu wangu kama fundi viatu. Nikamwambia mwanangu, uzee huu ndio unataka kunipeleka mashindanoni? Akacheka. Akasema, "Wewe na Tabia kimo chenu kimoja. Sitaki ajue mpaka Duni akubali." Nikamuahidi sisemi. Yeye akaondoka, ahadi ikabaki kwangu.

Habari ya karafuu ni uongo wangu. Mwalimu alisema kukaa garini hakuna neno lolote, Mungu anisamehe, na mwalimu nimeshakwenda kumwambia. Nilimkataza Tabia kwa kuwa nilijua: akikaa tu atafahamu. Na angefahamu Februari, mlango umefungwa na miezi iko mbele yake, angekufa kwa kihoro. Zawadi ya kutokea humpi mtu asiyeweza kutoka. Nikasema nimhifadhie.

Siku ile ya breki nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimekaa pale pale aliponikalisha mwanangu, naambiwa kanyaga, achia, na mimi nimeukaza mdomo. Sijapata kufanya kazi ngumu kuliko ile.

Simai alikuja jana kuulizia. Nimemwambia atafute punda.

Mwambie Tabia siku nilizompa kukaa huko zimetosha. Kila asubuhi nashuka kuchota maji, napita ghalani, naona sakafu tu na yale magogo manne. Arudi, na gari lake alilete.

Mamako,
Mwatum